Umbali Ule Ule, Safari Tofauti: Kupiga Hesabu ya Ndege Kabla ya Kulipia Tiketi

Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou kwa kupitia Addis Ababa ni karibu kilomita 9,800. Ukipitia Dubai ni karibu kilomita 9,800 vilevile. Ukipitia Istanbul zinazidi 13,300. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiletewa tiketi hizo tatu na wakala wake, jicho hukimbilia bei, kisha saa ya kuondoka, basi. Angejua kupima, angeona kwamba tiketi ya Istanbul inamwongezea karibu saa nne za kukaa angani kwa kumzungusha tu, na kwamba kati ya Addis na Dubai umbali hauna la kuamua. Hapo linaloamua ni muda atakaokaa kwenye kiti cha uwanja akisubiri ndege ya pili.

Kupima huko si kazi ya rubani peke yake. Karatasi, kalamu na simu yenye ramani vinatosha. Ila ujue tangu mwanzo kwamba kilomita ndiyo namba rahisi kuipata na ndiyo isiyokusaidia sana. Tutaanza nayo kwa sababu nyingine zote zinaitegemea.

Umbali

Kila uwanja wa ndege una latitudo na longitudo yake. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza juu ya uwanja na usiachie kidole upesi, namba mbili zitatokea. Uwanja wa Julius Nyerere wa Dar es Salaam uko digrii 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Uwanja wa Mwanza uko 2.44 kusini na 32.93 mashariki. Toa namba ndogo kwenye kubwa: tofauti ya latitudo ni 4.44, ya longitudo ni 6.27. Zidisha kila moja kwa 111, kwa kuwa digrii moja ya duara kubwa la dunia ni kama kilomita 111. Unapata kilomita 493 za kwenda kaskazini na 696 za kwenda magharibi. Hizo ni pande mbili fupi za pembetatu mraba, na njia ya ndege ni ule upande mrefu. Kwa kanuni ya Pythagoras, jibu ni kilomita 853. Kompyuta inayozingatia umbo kamili la dunia hutoa karibu 851. Umekosea kilomita mbili, kwa kalamu.

Hii ni bahati ya kukaa karibu na ikweta. Huku kwetu digrii ya longitudo na ya latitudo zina urefu karibu sawa, kwa hiyo dunia unaweza kuichukulia kama karatasi bapa na usipotee. Ukielekea kaskazini au kusini mistari ya longitudo husogeleana. London digrii moja ya longitudo imebaki na kilomita 69 hivi. Kwenye latitudo ya digrii 60 imekatika nusu. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuzidisha kwa 111, zidisha tofauti ya longitudo kwa kosaini ya latitudo iliyo katikati ya viwanja viwili. Jaribu Dar es Salaam na Dubai, uliopo digrii 25.25 kaskazini na 55.36 mashariki. Ukumbuke kujumlisha latitudo badala ya kutoa, kwa sababu unavuka ikweta: 6.88 na 25.25 ni 32.13. Hesabu hiyo inaleta kilomita 3,980 na kitu. Jibu la duara kubwa ni karibu 3,970. Na kwa walio na ndugu upande wa pili wa Ghuba: Maskati nayo iko karibu 3,970 kutoka Dar, ingawa ukiitazama ramani utadhani Dubai ni mbali zaidi.

Waliosoma hisabati ya Kidato cha Tatu watakuwa wameshatambua mada ya dunia kama tufe, ile ambayo darasa zima huuliza itatufaa wapi.

Mbinu hii hugoma safari inapokuwa ndefu sana. Chukua Nairobi na New York. Ukichora mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani, utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Burkina Faso na Mali, halafu uingie Atlantiki kwenye pwani ya Mauritania. Sasa tafuta tufe la dunia, hata lile dogo la plastiki la kuchezea watoto, uvute uzi ukaze kati ya miji hiyo miwili. Uzi utakwenda kaskazini-magharibi tangu mwanzo, upite Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, na uiache Afrika pale Morocco. Njia ya uzi ni karibu kilomita 11,840. Ile ya rula inaizidi kwa zaidi ya kilomita 300. Ndiyo maana abiria wa dirishani huona jangwa la Sahara saa baada ya saa na kujiuliza kama rubani amepotea njia. Kwa safari za namna hii achana na Pythagoras. Tumia uzi, au kikokotoo chochote cha intaneti kinachotumia duara kubwa, ukijua kwamba kinachokokotolewa ni uzi huohuo.

Kutoka kilomita hadi saa

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kugawanya kilomita kwa mwendo wa ndege na kuishia hapo. Ndege haitembei kwa mwendo wake wa juu tangu inapoanza kusogea. Inajikokota hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapaa polepole, na mwishoni inashuka, inajipanga nyuma ya wenzake na kujikokota tena hadi inapoegeshwa. Weka nusu saa kwa mambo hayo yote, kisha jumlisha na muda wa kugawanya.

Lazima ujue pia ndege gani inakuja. Airbus A220, wanazotumia Air Tanzania, hukata hewa kwa karibu kilomita 830 kwa saa. Boeing 787 hukaribia 900. Dash 8 Q400 ya pangaboi hufika kama 660, na ATR 72, ambayo abiria wa Precision Air wanaifahamu, huzunguka kwenye 500. Cessna Caravan, ile ndogo ya visiwani na mbugani, ni kama 300 na ushee. Basi Dar hadi Mwanza kwa A220 ni saa moja na dakika mbili za kugawanya, na nusu saa ya ziada: saa moja na nusu. Kwa ATR ni kama saa mbili na dakika kumi. Uwanja ni uleule na kilomita ni zilezile, ila dakika arobaini zimepotelea kwenye mabawa. Aina ya ndege huandikwa kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, mara nyingi kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Zisome.

Dar hadi Nairobi, kilomita 667, kwa jeti kanuni inatoa saa moja na dakika 18. Nairobi hadi Mombasa, kilomita 424, inatoa saa moja. Ukilinganisha na ratiba za mashirika utaona namba hazipishani sana. Zikipishana, mara nyingi ratiba ndiyo ndefu, kwa sababu mashirika hujiwekea akiba ya dakika kadhaa ili foleni ya angani isiwafanye waonekane wamechelewa. Akiba hiyo ndiyo inayompa rubani nafasi ya kutangaza kwamba mmefika dakika kumi kabla ya muda, na abiria wakafurahi.

Kwa safari za mbali mambo mawili huingilia kati. La kwanza ni upepo. Katika latitudo za kati, juu kabisa wanakopita jeti, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York mnamo Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Saa hiyo moja ni ya upepo. Wapo wanaoamini ni kwa sababu dunia inazunguka chini ya ndege. Hapana, hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Karibu na ikweta pepo za juu kwa kawaida ni hafifu, kwa hiyo kwenda Mwanza na kurudi hakutofautiani kwa jambo la kukusumbua.

La pili ni anga zilizofungwa, na hili halimo kwenye kikokotoo chochote. Mstari wa Nairobi hadi London, karibu kilomita 6,840, unapita juu ya Sudan Kusini, Sudan na Libya. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za kiraia, na ndege za kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka, ama mashariki juu ya Bahari ya Shamu ama magharibi kupitia Chad. Anga ya Libya nayo mashirika mengi yalikuwa yakiikwepa kwa miaka. Kanuni yetu inatoa saa nane na dakika chache kwa London; ratiba huandika karibu na tisa. Kwa hiyo ukiona muda wa tiketi umeizidi hesabu yako kwa nusu saa na zaidi, usidhani umekosea kugawanya. Tazama ramani ya habari za wiki hiyo.

Saa ya tiketi

Hapa ndipo watu wanapoachwa na ndege, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Saa zote zilizoandikwa kwenye tiketi ni saa za mji husika: ya kuondoka ni ya mji unaotoka, ya kufika ni ya mji unaokwenda. Ukizitoa moja kwa moja unapata upuuzi. Mfano mzuri ni Kigali, kwa sababu ni karibu na bado inadanganya. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja, sawa na Goma, Bukavu na Lubumbashi. Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili. Dar hadi Kigali ni kilomita 1,140 hivi, kwa jeti saa mbili kasoro dakika chache. Ndege ikiondoka Dar 09:00, tiketi itaandika kufika 09:53 au karibu na hapo. Mtu husema: “Kumbe Kigali dakika hamsini tu!” Siku ya kurudi anaondoka 11:00 na tiketi inaandika 13:53, naye anaanza kuuliza kama ndege imepitishwa Nairobi.

Njia ya kujinasua ni moja: geuza saa zote mbili ziwe za nyumbani kwako, ndipo utoe. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Tiketi ya Dubai ikisema unaondoka Dar 17:00 na kufika Guangzhou 16:00 kesho yake, toa tano kwenye hiyo 16:00. Ni 11:00 ya nyumbani. Kutoka 17:00 hadi 11:00 ni saa 18. Kanuni ya kilomita inasema safari ya kilomita 9,800 kwa ndege mbili inakula saa 12 angani, tuseme 13 ukiweka akiba ya ratiba. Zilizobaki, saa tano, ni za kusubiri. Sasa fanya hivyohivyo kwa tiketi ya Addis na ulinganishe. Iliyo na saa mbili na nusu za kusubiri ni nzuri. Ya dakika hamsini ni kamari, hata kama mfumo wa kuuza tiketi umekubali kuiuza: ndege ya kwanza ikichelewa nusu saa, utabaki wewe, ama utakwenda wewe na mzigo ubaki. Ya saa kumi na moja uhesabu na gharama ya chakula na mahali pa kulaza kichwa, ndipo useme ni ya bei nafuu. Air Tanzania pia huruka Dar hadi Guangzhou moja kwa moja, kilomita 8,700 na kidogo. Ukiikuta kwenye tarehe zako, ilinganishe na hizo nyingine kwa saa za mlango hadi mlango, si kwa shilingi peke yake.

Ulaya na Marekani zina hila ya ziada: husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. New York ni nane, kisha saba. Uingereza hubadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba; Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Aliyezoea kumpigia simu dada yake London saa fulani na akapanga kupokelewa kwa mazoea hayo, mwishoni mwa Oktoba atasimama uwanjani saa nzima bila mtu.

Kisha kuna saa yetu wenyewe. Tiketi huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri na magharibi. Toa sita au jumlisha sita, hilo kila mtu analijua. 14:00 ni saa nane mchana na 20:00 ni saa mbili usiku. Hatari iko kwenye tarehe. Ndege nyingi za kwenda nje huondoka Dar na Nairobi usiku mwingi. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 16, ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 16. Maana yake unatakiwa uwe uwanjani tarehe 15, saa tatu na nusu usiku. Ukifika tarehe 16 usiku na mabegi yako, ndege yako imeondoka usiku uliopita. Kwa hiyo unapompa ndugu taarifa ya kuja kukusindikiza, usimwambie “tarehe 16 usiku”. Mwambie siku na saa ya kutoka nyumbani.

Mlango hadi mlango

Saa ya kuondoka iliyoandikwa ni ya ndege kuanza kusogea, si ya wewe kufika mlangoni. Mashirika mengi hufunga kaunta ya mizigo dakika 60 kabla kwa safari za nje. Za ndani ni dakika 30 hadi 45, kila moja na kanuni yake kwenye tiketi. Saa ya kufika nayo ni ya ndege kuegeshwa. Uhamiaji, mkanda wa mizigo na forodha vinakungoja bado.

Chukua mkazi wa Mbezi anayekwenda Mwanza. Saa moja na nusu ya foleni hadi uwanjani, na mvua ikinyesha aongeze. Saa moja na nusu ya kukaguliwa na kusubiri. Saa moja na nusu ya ndege. Nusu saa ya mizigo, nusu saa ya teksi au bajaji hadi mjini, kwa kuwa uwanja uko nje kidogo, Ilemela. Jumla saa tano na nusu, ambazo saa moja tu na ushee ameshinda angani. Hata hivyo ndege inashinda kwa mbali, maana barabara kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga inazidi kilomita 1,100.

Dodoma ni habari nyingine. Kwa ndege ni kilomita 390, saa moja angani ikiwa jeti. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi huko mwaka 2024, kwa saa nne au pungufu, weka hesabu mbili karatasini kuanzia mlangoni kwako. Anayeishi Kariakoo au Ilala, karibu na stesheni, atakuta tofauti ni ndogo mno kulipia nauli ya ndege. Anayeishi Kipawa, jirani kabisa na uwanja, ana haki ya kubisha. Mombasa na Nairobi ni vivyo hivyo: Syokimau na Miritini ziko mbali na katikati ya miji, na lazima nazo uzihesabu kabla ya kusema treni ni saa tano au sita.

Unguja ndiyo inayochekesha. Kilomita 73, ndege dakika ishirini au zaidi kidogo, na bado aliyeko Posta mwenye shughuli Mji Mkongwe hufika mapema kwa boti ya kasi, saa moja na nusu hadi mbili majini, kwa sababu boti inamchukua mjini na kumshusha Malindi. Dakika ishirini za angani zimezungukwa na saa tatu za nchi kavu. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na hasa kati ya Juni na Agosti, mwenye tumbo jepesi ana sababu ya kulipia ndege hata kama haimwokolei muda. Na kama unatua Dar kutoka ng’ambo na safari yako inaendelea Unguja siku hiyohiyo, usihangaike kwenda bandarini: wewe tayari uko uwanjani, kwa hiyo ndege ndiyo ya haraka, mradi umeuliza mapema inaondokea jengo gani la abiria, maana za kimataifa hutua Jengo la Tatu na nyingi za kwenda visiwani hazipo hapo.